Kikokotoo cha Binti wa Fundi Saa

Kabla mzee hajafika kaunta, muuzaji alikwisha kufungua kabati la kioo na kupanga vikokotoo vitatu juu ya kitambaa. Vitatu vile vile vya Jumanne iliyopita. Vile vile vya Jumanne ya kabla yake.

"Habari za kazi," mzee alisema, akivua kofia. "Natafuta kikokotoo. Si hivi vya kujumlisha na kutoa. Nataka kile kinachochora grafu."

"Karibu, baba. Ni cha nani?"

"Cha binti yangu. Anamaliza sekondari, halafu anaingia chuo kusoma hesabu."

Muuzaji aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Mzee alikuwa fundi saa. Miaka arobaini alikaa nyuma ya meza ndogo, lenzi jichoni, akifufua saa ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa. Meza ile haipo tena na vidole vimeanza kumtetemeka, ila macho yake hayajaacha kazi. Alikigeuza kikokotoo cha kwanza, akakagua skrubu, akagonga mfuniko wa betri kwa ukucha, kisha akakiweka sikioni. Muuzaji alimwacha asikilize.

Baadaye akamweleza taratibu. Hicho cha kwanza ni chepesi na rahisi kukitumia. Kitamfikisha binti mwisho wa sekondari, lakini chuoni kitamwacha njiani. Cha tatu kina kioo cha rangi na kinafumbua milinganyo chenyewe, hatua kwa hatua, ndiyo maana vyumba vingi vya mtihani havikiruhusu. Cha katikati kinachora grafu, kinakubalika kwenye mitihani, na hata chuoni hakitamwangusha. Wateja wengi walidhani muuzaji huyu amesoma hesabu chuoni. Alichosoma ni vijitabu vya maelekezo, ukurasa kwa ukurasa, mchana duka likiwa tupu.

Alibonyeza vitufe. Mstari ukapanda kwenye kioo, ukafika juu, ukashuka.

"Hiyo ni nini?"

"Njia ya jiwe lililorushwa juu, baba."

Mzee akacheka kwa raha. Akasema binti yake hahitaji mashine kujua jiwe litaangukia wapi; tangu akiwa mdogo alikuwa akikaa chini ya meza ya saa, akihesabu meno ya vigurudumu kwa kucha.

Mwalimu mmoja aliyekuwa akisubiri karatasi za manila aliingilia. "Ana bahati huyo binti. Baba anakuja mwenyewe kumchagulia. Wangu hakujua hata nasoma darasa la ngapi."

Muuzaji alizikunja zile karatasi, akazifunga kwa mpira, akamkabidhi. Mwalimu alipotoka, mzee akasogea karibu na kaunta na kupunguza sauti.

"Nikwambie ukweli, dada. Jana tuligombana. Barua ya chuo ilifika, nikaichana."

Muuzaji akaendelea kufuta kioo cha kikokotoo, ambacho kilikuwa safi.

"Niliichana mbele yake," mzee akasema. "Nikamwambia hesabu za chuo si za watu kama yeye, akae na mimi abadilishe betri za saa. Aliokota vipande kimoja kimoja, akaingia navyo chumbani. Mpaka natoka asubuhi hii, hajasema nami."

Akaeleza alivyopanga. Kesho atavaa koti lake, ampeleke binti mwenyewe mpaka chuoni, wakaombe barua nyingine. Kikokotoo atampa wakiwa njiani, asije akadhani baba anatania.

"Nafasi ya mtu haiwezi kupotea kwa siku moja tu," alisema. "Au siyo?"

"Haiwezi, baba."

Mzee akashusha pumzi. Alikigeuzageuza kile kikokotoo cha katikati mkononi, na muuzaji akajua sasa ataulizia betri, kwa sababu kila Jumanne huulizia betri. Jibu alikuwa nalo tayari.

"Unadhani atanisamehe?" mzee akauliza.

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. Nje watu walikuwa wakipita na shughuli zao, na feni ya dari ilikuwa ikilalamika kama siku zote.

"Amekusamehe zamani, baba."

"Zamani?" Mzee akakunja uso. "Nakwambia tuligombana jana."

"Nilitaka kusema atakusamehe."

Uso wa mzee ukakunjuka. Alikikumbatia kikokotoo kifuani. "Asante, mwanangu," alisema, kama wazee wanavyomwita kila mtu.

Muuzaji aligeukia rafu, akaanza kupanga maboksi yaliyokuwa yamekwisha kupangwa. Alilihamisha moja, akalirudisha, mpaka pumzi zikamtulia.

Simu yake ikaita. Alikuwa mama yake mzazi, anahema: alikuwa uani akianua nguo, kurudi ndani kakuta mlango wazi na chai haijaguswa. Baba yako ametoka tena. Amefika hapo dukani?

"Amefika, mama, usiwe na wasiwasi," alisema, akimwangalia mzee aliyeinamia vitufe. "Ananinunulia kikokotoo."