Masharti Matatu ya Veronika na Yakobo

"Tukiendelea kubishana, gari litatukuta hatujaamua," Prisca alisema, akichora mstari kwenye udongo kwa kijiti. Dereva alikuwa ameshapiga simu: wamepita Mzinga, wanaanza kupanda mlima.

Wajomba wawili walisimama wamenuniana, kila mmoja upande wake wa njia inayogawa ardhi za koo zao. Mjomba Stambuli hakutaka kusikia: binti yao Veronika asivuke njia kwenda juu. Mzee Athanas, mjomba wa Yakobo, naye kang'ang'ania: kijana wao asishuke chini ya njia. Kila mtu abaki kwao, basi.

Veronika ni mdogo wake Prisca, tumbo moja, na siku ya harusi, juzi tu baada ya Pasaka, Prisca alimwapia kwamba hakuna atakayemtenganisha na Yakobo. Leo ndiyo leo.

Hesabu hii aliijua, ndiyo anayofundisha shuleni Gairo. Chemchemi ya kijiji, njia inapoanzia, akaifanya sifuri. x ni hatua za kwenda mashariki, y ni hatua za kupanda, na njia yenyewe inapanda sawa kwa sawa, hatua moja mashariki, moja juu. Kwa Stambuli, y isizidi x. Kwa Athanas, y isipungue x.

"Pale kwenye migomba," Stambuli akaonyesha. "Arobaini mashariki, ishirini juu."

"Ishirini imepungua, mjomba. Mzee Athanas hatakubali."

"Sikubali," Athanas akasema.

"Basi ishirini, ishirini. Njiani penyewe. Haizidi, haipungui, hakuna aliyevuka."

Wazee wakatazamana. Vijana wakainua majembe.

"Ngojeni kwanza," alisema Bi Yustina, mwenyekiti wa kijiji. "Na chemchemi tunayokunywa, mwalimu? Si tulikubaliana hatua za mashariki na za kupanda zikijumlishwa zisipungue sitini?"

Aibu ilimshika Prisca. Ni kosa lile lile analowagombezea wanafunzi: sharti la kwanza limekubali, la pili limekubali, wanaweka tiki, la tatu hata hawaligusi. Mngurumo wa gari ukasikika konani.

"Thelathini na tano, thelathini na tano," akasema. "Haizidi. Haipungui. Jumla sabini."

Athanas alimgeukia Stambuli.

"Si kwangu, si kwake," akanung'unika. "Njia tutaipindisha. Haya, chimbeni."

Gari likasimama. Wanaume wakavua kofia, wakashusha jeneza la Veronika, kisha la Yakobo.