Upepo wa Siku Ile

Wageni walikuwa wameshajaa sebuleni, lakini Msumeno bado alikuwa juu ya paa, misumari mdomoni, akigongelea bati ambalo wala halikuwa linavuja.

"Baba Mdogo, shuka bwana!" binti wa mwisho wa nyumba ile alimwita kutoka uani. "Unajua kabisa hatuanzi bila wewe."

Akashuka polepole, kama mtu anayeitwa kujibu kesi.

Ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu baba wa nyumba ile, msimamizi wa wakata miti, aliyefariki kwa ajali ya kazini wakati binti huyu hajaota hata meno. Msumeno hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa mkata miti wake na rafiki yake wa chanda na pete. Jina la Baba Mdogo alipewa na watoto, na kila alipoitwa hivyo lilimchoma kama kibanzi chini ya ukucha.

Sebuleni watu wakapokezana maneno. Mpishi wa kambi ya msituni alisema marehemu hakugusa sahani yake mpaka mtu wa mwisho atoke msituni salama. Kaka mkubwa akasimulia habari za kitanda: baba alikiunda mwenyewe kwa mbao za msonobari, kikubwa hata watoto wote wanne wakilala wanagaagaa, halafu kikagoma kupita mlangoni. "Mtu mwingine angekata kitanda," alisema. "Baba akabomoa ukuta!" Dada akakumbuka walivyokuwa wakigombania kumtoa unga wa mbao masikioni kila arudipo Jumamosi.

Watu walicheka, Msumeno naye akacheka. Moyo wake ulikuwa msituni.

Sheria ya kuangusha mti ni moja: unapaza sauti, kisha unangoja ujibiwe. Siku ile alipaza sauti. Hakungoja. Njaa ilikuwa ikimsokota, na ule ulikuwa mti wa mwisho kabla ya chakula. Msimamizi alikuwa akikatiza upande wa pili wa kichaka, mti ukamwangukia. Wenzake walipofika mbio walimkuta Msumeno amepiga magoti, na neno la kwanza lililomponyoka lilikuwa "upepo". Upepo umeugeuza mti. Hakuna aliyembishia, upepo hauitwi kutoa ushahidi.

Kesho yake alikwenda hospitali alikolazwa msimamizi. Mke wa msimamizi alitoka wodini, akaufunga mlango nyuma yake na kuuegemea.

"Amelala, shemeji. Usimsumbue."

Jioni msimamizi akakata roho.

Tangu hapo Msumeno akajifanya mtumwa wa nyumba ile. Aliwapeleka watoto shule kwa baiskeli, mmoja mbele, wawili nyuma, wa nne mgongoni. Aliwauguza surua. Wachumba wawili aliwaacha wakaolewa na wengine, maana aliona haya kulala pembeni ya mke ilhali kuna mwanamke aliyemwachia kitanda kitupu. Naye mjane hakumwonea haya hata kidogo. "Shemeji, mtoto viatu vimemwisha." "Shemeji, choo kimebomoka." Hakuwahi kumwambia asante, hata ya kinafiki. Majirani walisema mwanamke yule hana shukrani. Msumeno peke yake ndiye aliyefarijika. Asante ingemuua.

Sasa binti wa mwisho akasimama. Wiki ileile alikuwa amehitimu chuo cha misitu, na kiatu kipya cha kazi kilikuwa kinambana, akawa anasimamia mguu mmoja.

"Mimi baba simkumbuki," alisema. "Nilichonacho nimesimuliwa tu. Nikifumba macho nijaribu kumwona, inanijia sura ya Baba Mdogo." Akageuka kumtazama Msumeno. "Baba anisamehe, lakini ndivyo ilivyo."

Watu wakapiga makofi. Mpishi wa kambi alimpigapiga Msumeno begani. Msumeno akainuka, akapita jikoni akijigonga kwenye masufuria, akatokea uani na kushika ukuta kwa mikono miwili.

Alijiambia kwamba yamefika mwisho. Atasema, kisha atachukua baiskeli yake na kuondoka, na hawatamwona tena. Mtu hawezi kumuua baba na kuiba hata sura yake.

Mjane alimkuta hapo.

"Shemeji," Msumeno alisema, "mimi sistahili. Siku ile, ule upepo..."

"Hapakuwa na upepo."

Msumeno akageuka.

"Uliita, hukungoja," alisema mjane, kwa sauti ileile aliyokuwa akimwambia habari za viatu na choo. "Alinieleza mwenyewe pale wodini. Mwili ulikuwa umevunjika, lakini akili zilikuwa timamu."

Msumeno akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Ulijua? Miaka yote hii unanifungulia mlango, unanipakulia chakula, na unajua? Mbona hukunifukuza, shemeji? Mbona hukunipeleka polisi?"

Mjane alichungulia ndani, ambako binti alikuwa amezungukwa na kaka zake wakimtania kuhusu kile kiatu, kisha akauvuta mlango wa jikoni ukajifunga.

"Alikusamehe palepale kitandani," alisema. "Ila aliniapisha nisikwambie mpaka huyu wa mwisho amalize masomo."