Kisima Kisichopimwa

"Ametufukuza tena," mpimaji alisema, akitua sanduku la chupa sakafuni. "Yule mzee ana ulimi, dada! Geti hafungui. Anachungulia tu na kuuliza, 'Mkubwa wenu yuko wapi?'"

Mtaalamu wa ramani hakugeuka. Mzee huyo alikuwa baba yake mzazi, na pale ofisini hakuna aliyejua.

Kiwanda cha betri kilikuwa kimevujisha madini ya risasi ardhini. Visima vyote vya mtaa vilishapimwa, kasoro kimoja tu, cha mzee huyo. Kwenye skrini yake kulikuwa na variogramu, mchoro unaoonyesha jinsi visima vilivyo jirani vinavyofanana, na jinsi mfanano huo unavyofifia kadiri umbali unavyoongezeka, hadi vinakuwa kama havijuani. Kila akiutazama alijikuta anawaza watu. Alikosa mazishi ya mama yake kwa sababu ya mtihani, na baba akamwambia asikanyage nyumbani tena. Naye akatii, mjinga wa watu. Tangu hapo alikula peke yake, na Jumapili simu yake haikulia.

"Si ukadirie tu?" mpimaji aliuliza. "Hiyo kriging yako si ndiyo kazi yake? Unachukua majirani, wa karibu unampa uzito zaidi, unapata jibu."

"Nimeshakadiria."

Majirani wote walikuwa na sumu. Kwa hesabu hiyo, baba yake alikuwa anakunywa sumu kila siku. Lakini kisima hakifungwi kwa makadirio. Inatakiwa chupa ya maji yenyewe.

"Basi rudi kesho, umbembeleze."

"Nirudi? Ng'o! Na kwenye kipindi cha redio uliwaambia watu mwenyewe, pengo likibaki kwenye ramani, unakwenda wewe."

Akaenda. Kusimama mbele ya lile geti la utotoni na kufukuzwa kwa mara ya pili, hilo hakujua kama angeliweza. Alibisha, chupa mkononi.

"Nani?"

"Ni mimi, baba. Nimekuja kupima maji tu, halafu naondoka."

Geti likafunguka papo hapo. Lo, mzee alikuwa amekonda! Hakumpa mkono wala hakumkaripia. Alimtangulia ndani, ambako redio ilikuwa ikiongea peke yake, na mezani palikuwa na vikombe viwili.

"Nionyeshe kisima, baba, tafadhali. Kasirika utakavyo, lakini hayo maji yatakuua."

Mzee akaichukua ile chupa tupu, akaiweka mezani, akamvutia kiti.

"Kisima kilikauka mwaka ule ule ulipoondoka, mwanangu," alisema. "Lakini ningewaambia hivyo vijana wako, wewe ungekuja?"