Sauti ya Mwisho ya Rukia

Siku hizi konsonanti haifundishwi bure: ukimpa mtoto, inahama kinywani mwako. Rukia alishampa bintiye Maimuna ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku, na nyingine zote. Alibakiwa na m tu.

"Hiyo baki nayo, dada," alimsihi mdogo wake Zaituni, ambaye hajazaa. "Utamwitaje mwanao?"

Rukia akampakata mtoto, akaimba taratibu, "Ma, me, mi, mo, mu."

Maimuna aliikodolea macho midomo yake. "Mama," akasema, kwa mara ya kwanza, kisha akakimbilia nje kucheza.

Jua lilipozama, Rukia alisimama mlangoni akamwita. "Aiua! Aiua!"

Milango yote ya mtaa ilikuwa ikiita vivyo hivyo. Hakuna mtoto aliyegeuka.