Mikato ya Mlangoni

Mgeni hakubisha hodi getini. Alitokea upande wa bahari, suruali imekunjwa, matope hadi magotini, akasimika darubini yake ya miguu mitatu katikati ya baraza la hoteli, baina ya meza mbili za wateja.

"Wewe! Nani kakuruhusu?" Bwana Zege alifoka.

Jina hilo alibandikwa na mafundi wake mwenyewe, maana kila alichokiona alitamani kukimwagia zege. Alikuwa na miaka miwili tu hapo ufukweni, na tayari aliizungumzia bahari kama mpangaji msumbufu.

"Mpima, mzee. Natafuta mstari wa bamvu, yale maji makubwa kuliko yote ya mwaka. Nyumba iliyo chini ya mstari itavunjwa."

Bwana Zege alimkagua: kofia iliyochujuka, kandambili mkononi. Moyoni akacheka. Wapima wa namna hii aliwajua. Ukiwapa kiti na kinywaji baridi, mstari unapinda wenyewe.

"Kaa basi, unywe kitu."

"Nikiwa kazini sinywi."

"Bahari haifiki hapa, kijana. Nimeiwekea ukuta."

"Wimbi likigonga ukuta halifi, mzee. Linarudi na mchanga." Mpima alionyesha mwisho wa ukuta. Pale zege lilipokoma, ufuo ulikuwa umechimbika kama jino bovu, hadi kizingitini kwa jirani. "Kisha linazunguka. Kwako linaingilia mlango wa nyuma."

Jirani huyo alikuwa mshonaji mkongwe, mjane, mwenye vyumba viwili na cherehani. Mara tatu Bwana Zege alikwenda kumshawishi ahame, na mara tatu alifungiwa mlango usoni. Leo, kwa mara ya kwanza, aliona faida ya kikongwe yule. Hata mpima mwenye roho ya chuma angemwonea huruma.

"Twende kwake," alisema. "Umtazame utakayemlaza nje."

Mshonaji aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, mama," mpima alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula, mama. Kazi kwanza."

Bwana Zege alibinua mdomo. Wanawake hawa! Hata mwizi akipita wangemuuliza kama amekula.

Mbele ya mlango, boriti ya ukingo wa paa ilikuwa chini. Bwana Zege aligonga paji la uso, akatukana. Mpima alikuwa ameshainama.

Mwimo wa kushoto wa mlango ule ulikuwa na mikato ya kisu, mmoja juu ya mwingine. Kila mwaka bamvu lilipojaa, mshonaji alichonga pale maji yalipofika. Mkato wa juu kabisa, wa mwaka jana, ulikuwa usawa wa goti. Mwimo wa kulia nao ulikuwa na mikato, ila hiyo ilipanda na kupanda, ikampita Bwana Zege kifua.

"Na hii je? Bahari ilikuja imesimama?" alicheka. "Labda ilitaka kushonewa suti."

"Hiyo si ya maji," mshonaji alisema bila kumtazama. "Si kila kinachopanda kinajengewa ukuta."

Mpima alipiga goti kwenye mwimo wa kushoto. "Maji hayana upendeleo," alisema. "Yakifika kimo hiki hapa, hata hotelini yamefika kimo hikihiki. Nitakachosoma hapa ndicho nitakachopima kule."

Kwa hesabu za namna hiyo Bwana Zege hakuwa mjinga. Mkato wa chini ungeziacha nyumba zote mbili. Wa juu ungekula baraza lake, jiko lake na vyumba sita vya wageni, na ungepita juu ya kitanda cha mshonaji.

"Bibi," alisema, sauti imepakwa asali, "huo wa juu si mkono uliteleza tu? Uzee nao! Mwambie asome wa chini, ulale kwako."

"Kuchonga ni kwangu," mshonaji alijibu. "Kusoma ni kwake."

"Umesikia? Kalamu unayo wewe. Nani atakulaumu kwa kumhurumia mjane?"

Mpima alitazama cherehani. Akatazama kitanda. Bwana Zege alianza kutabasamu.

"Nilimwahidi mtu," alisema hatimaye. "Siku niliyoondoka kwenda chuo. Kwamba nitaandika maji yalipofika, si yanapotakiwa."

"Ahadi! Ahadi inaezeka nyumba? Na huyo mtu yuko wapi, akuone?"

Mpima alirudi kwenye mwimo wa kushoto. Aliweka ufito wake wa kupimia kwenye mkato wa juu, akasoma, akaandika. Alama nyekundu ya kwanza aliichora ukutani mwa jiko la hoteli. Ya pili aliichora chumbani mwa mshonaji, juu ya kitanda, na hapo brashi ilikawia ukutani hata rangi ikamdondokea miguuni.

"Takataka wewe!" Bwana Zege alitema mate. "Kwani huna mama?"

Mshonaji alisimama. Akachukua kisu juu ya cherehani, akamfuata mpima aliyeshafika mlangoni. Bwana Zege alirudi nyuma hatua moja, akachekelea. Naam, kikongwe amepata akili.

"Umetimiza," mshonaji alisema. "Sasa vua kofia. Simama wima kama zamani."

Mpima aliuegemeza mgongo kwenye mwimo wa kulia, visigino vikigusa mbao. Mama yake akajinyoosha kwa ncha za vidole, akalaza ubapa wa kisu juu ya nywele zake, akachonga.