Redio ya Evarista

Evarista alipobandua utepe mweusi ndani ya redio aliyoiunda mwenyewe, aliona kwa nini ilikuwa bubu. Waya wa spika ulikatwa kwa wembe, kisha ukafungwa vizuri na mtu anayeijua kazi.

Nyumbani kwao hapo Iringa, mwaka ule wa 1974, mtu huyo alikuwa mmoja tu: mumewe, fundi redio wa sokoni. Mwezi mzima alimsaidia kutafuta ubovu. "Pole, mke wangu," alimwambia, kisha akaenda kuwachekesha wateja kwa habari za fundi wa jikoni.

Sasa aliingia, akavua koti. "Bado haijasema?"

"Ubovu nimeupata. Njoo unishikie waya niunge."

Aliinama, akaziona zile ncha mbili zinazong'aa. Akarudisha mikono nyuma.

"Mbona hushiki?" Evarista aliuliza kwa upole. "Ni waya tu umekatika."

Kukataa kungekuwa kukiri. Akazishika ncha, vidole vyake vikigusana karibu kabisa na mahali pa kuunga.

Evarista akachomoa chuma cha kulehemu kwenye makaa. Kilikuwa kimeiva, chekundu hadi karibu na mpini.

"Usitikisike," alimwambia.