Makofi Mbele ya Ukuta

Nilipiga magoti penye mwanya wa ukuta wa mawe, nikakunja viganja na kupiga makofi polepole, kama tunavyowabishia hodi wazee wetu waliokufa. Nilikuja kuwaambia kwamba mume wangu amewafuata.

Kwetu mtu wa ukoo akisikia makofi hayo huchuchumaa na kuyaitikia kwa yake, hata awe na haraka gani.

Mwanangu Rangarirai alikuwa hapo karibu, kofia ya kazi kichwani, akiwatembeza watalii. Aliwaambia kwa Kiingereza kwamba waliojenga magofu haya walitoweka wote. Kiingereza nakielewa.

Alinisikia. Niliona magoti yake yakilegea, yakitaka kukunjika yenyewe. Miguuni alivaa viatu vya marehemu baba yake, nilivyompa mimi siku ya kugawa nguo.

"Na huyu je?" mtalii mmoja akauliza.

Nikazidi kupiga. Itikia, we mtoto.

Rangarirai akanyoosha magoti, akapangusa suruali isiyo na vumbi.

"Huyu ni wa kikundi chetu cha maigizo," akajibu. "Anawaonyesha watu wa kale walivyosalimiana."

Wakashangilia, simu zikainuliwa. Yeye akaja akainama sikioni pangu, akanena kwa lugha yetu, ambayo pale hakuna mwingine aliyeijua. Nikasema moyoni, sasa ataniomba radhi.

"Bibi," akaninong'oneza, "hebu piga tena. Yule mama pale picha yake haikutoka."